Kiti cha Asiyekuja

Jina lake halisi wazazi wengi hatukulijua. Watoto walimwita Mwalimu, na sisi, akiwa hasikii, tulimwita Mwalimu Nane, kwa sababu kwake hesabu iliishia nane. Moja, mbili, tatu, mpaka nane, kisha anarudi moja. Ukimuuliza mtoto wako mazoezi yanakwisha saa ngapi, anakujibu, "Zimebaki nane chache tu." Na hizo nane chache zilikuwa ndefu, zinakuchosha hata wewe uliyekaa.

Chumba chake cha dansi kilikuwa ghorofani, juu ya duka la misumari na rangi. Ngazi zake zilikuwa za chuma, nyembamba. Mkipishana wawili, lazima mmoja avute tumbo ndani. Huko juu kulikuwa na kioo kirefu kilichopasuka pembeni, benchi moja la wazazi, na madirisha matatu ambayo aliyeyapaka rangi aliyapaka yakiwa yamefungwa. Rangi ikakauka, hayakufunguka tena. Mlango Mwalimu aliufunga kwa ufunguo akiwa ndani, maana wateja wa misumari walikuwa wakipotea, wanapanda juu kuulizia nyundo katikati ya mazoezi. Ufunguo ulikaa kifuani mwake kwa kamba ya kiatu. Ukiingia umeingia. Kutoka ni mpaka amalize nane zake.

Mimi nilikuwa mtu wa kwenye benchi. Wenzangu waliwaleta watoto wakaenda zao. Mimi nilibaki, kwa kuwa kwenda nyumbani na kurudi na mtoto wa kunyonya mgongoni kulinichosha kuliko kukaa. Kazi yangu ni kumalizia nguo za fundi mmoja wa mtaani kwetu. Yeye anakata na kushona, mimi napinda pindo, natoboa matundu ya vifungo, nashikiza vifungo. Nilikuwa nazibeba nguo zake kwenye mfuko, nashonea pale pale, mdogo ananyonya au amelala. Shule ya msingi nilimaliza, zaidi ya hapo sikwenda, lakini macho ninayo. Na mtu anayeshona kimya pembeni, watu humsahau upesi. Ndivyo nilivyomjua Mwalimu Nane.

Binti yangu mkubwa ana miaka tisa. Jina la Nukta alipewa humo ndani. Siku ya kwanza Mwalimu alimwambia asimame katikati ya chumba, naye akasimama, hakuondoka hata wenzake walipokwenda kunywa maji. Mwalimu alimzunguka akimtazama, mikono kiunoni. "Huyu ni nukta," akasema. "Nimepata mahali pa kuzungushia duara langu." Tangu hapo wasichana kumi na mmoja wakawa wanamzunguka mmoja, na huyo mmoja ni wangu, mdogo kuliko wote, magoti kama vifundo vya kamba. Nilijivuna, siwezi kusema uongo.

Sasa niwaeleze habari ya kiti. Sakafuni kila mtoto alikuwa na alama yake, msalaba wa selotepu, kila mmoja na rangi yake. Ya Nukta ilikuwa ya njano. Mtoto asipokuja, Mwalimu haiachi ile alama wazi, wala hamsogezi mwingine kuiziba. Anachukua kiti cha plastiki, chekundu, kimechakaa mguu mmoja, anakisimamisha juu ya alama. Wengine wanacheza na kiti. Wanakizunguka, wanakiinamia, na pale pa kushikana mikono wanashika mgongo wake. "Nafasi ya mtu hapewi mtu," alikuwa akisema. "Inamngoja mwenyewe."

Maneno mazuri. Lakini watoto ni watoto. Ukirudi kesho yake wanakwambia, "Jana kiti kilicheza vizuri kuliko wewe."

Nukta alikiogopa kile kiti kama watoto wengine wanavyoogopa mbwa. Alikuja na mafua, alikuja na jino linalotikisika, siku moja alikuja mguu mmoja una kiatu na mwingine una kandambili, kwa sababu mdogo wake alikuwa amekitia kiatu kwenye ndoo ya maji. Nilipomwambia tubaki nyumbani alinitazama kama niliyemtukana. "Mama, unataka wazungukwe na plastiki?"

Ukutani, juu ya benchi, palikuwa na karatasi aliyoiandika Mwalimu kwa kalamu nene: MAZOEZI YA ZIADA YA MASHINDANO HAYALIPIWI. Ada ya kila mwezi tulilipa, ya siku mbili kwa wiki. Mashindano yakikaribia, siku mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa tano, kisha Jumamosi kutwa nzima. Hizo za kuongezea ndizo zilizokuwa bure.

Mwanzoni tulishukuru. Lakini kitu unachokilipia unaweza kusema leo sina, leo sichukui, na hakuna atakayekushangaa. Cha bure utakikataaje? Nilijaribu mara moja. Nilimwambia Jumamosi ni ngumu kwangu, ndiyo siku fundi anayogawa kazi za wiki, na anayechelewa anaambulia mabaki. Akanishika bega. "Mama Nukta, mbona sikutozi kitu?" Aliyasema kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulionifunga mdomo. Niliona haya kama mtu aliyekaribishwa chakula akaanza kulalamikia chumvi.

Basi Jumamosi zikapita. Mume wangu analinda ghala, zamu zake zinabadilika kila wiki, hawezi kunisaidia kumpeleka mtoto. Fundi naye alianza kuninusa. Siku moja aliinua gauni nililomrudishia, akaligeuza huku na huku.

"Hizi nguo zangu nazo zinajifunza kucheza?"

"Kwa nini, fundi?"

"Zinanuka jasho la watoto na vumbi la ghorofani."

"Litatoka, fundi. Likianikwa kidogo tu linatoka."

"Utatangulia kutoka wewe," akasema, akacheka. Nami nikacheka, ila nilikwenda nyumbani nikiyatafuna yale maneno.

Kwenye ngazi tulikuwa na mama mmoja wa mapacha, mchekeshaji, pacha wake wote wawili walikuwa kwenye duara. Alikuwa akipanda ngazi anahema na kulaumu kila chuma anachokikanyaga.

"Mwenzangu," aliniambia, "huyu mwanamke angetutoza hata kidogo, ningemtoa mmoja nikabaki na mmoja. Sasa nimtoe kwa sababu gani? Niseme anaumwa?"

"Sema anaumwa."

"Mwenzake atasema ukweli! Hawa nimewazaa wawili ili wanishitaki vizuri." Akashika ukuta, akapumua. "Nyumbani kwangu hatujala pamoja tangu mwezi uliopita. Baba watoto ananiuliza, mashindano yenyewe zawadi ni nini? Namwambia kikombe. Anasema, nikinunua kikombe mtarudi?"

Na alikuwepo baba mmoja karani, tuliyemwita Baba Tai, kwa sababu hatukuwahi kumwona bila tai. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kumchukua mtoto, kila siku. Watoto wote wameondoka, jua linazama, Mwalimu amekaa juu ya ngazi na binti yake Baba Tai, wanahesabu bajaji zinazopita. Anafika, anafuta jasho. "Samahani sana Mwalimu, kazini pamebana." Na Mwalimu, "Hapana shida." Nililisikia lile neno mara nyingi mno. Mtoto amechelewa saa nzima, hapana shida. Mzazi amesahau maji ya kunywa, hapana shida, anampa yake. Angekuwa analipwa angeweza kugomba. Kwa kuwa ni bure, hata yeye hakuwa na pa kuanzia.

Nilidhani hana mtu wa kumrudia nyumbani. Sote tulidhani hivyo. Kumbe anaye.

Jumamosi mchana watoto walipopumzika, alikuwa anasimama kwenye dirisha lile la mwisho, lisilofunguka, na simu sikioni, paji la uso limegusa kioo. Alisema kwa sauti, maana simu ya huko upande wa pili ilikuwa haisikii vizuri, na mimi nipo pale na sindano yangu, nitazibaje masikio?

"Umekula, mama? ... Bibi hajambo? ... Eh! Utasoma mbele ya watu? Peke yako? Jumamosi hii inayokuja?" Akasikiliza. "Nitakuja ... Nimesema nitakuja ... Hapana, ile ilikuwa mara nyingine." Akasikiliza tena, akikwangua rangi ya dirisha kwa ukucha. "Na ile nayo ilikuwa mara nyingine."

Alipokata simu alikuja akakaa benchini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akanyoosha mikono, nikampa mdogo. Akampakata.

"Ni binti yangu," akasema. "Ana miaka saba. Yuko kwa mama yangu, safari ya saa nne kwa basi. Nilimpeleka akiwa na miaka mitatu, nilisema nikishapata chumba cha dansi kinachosimama namchukua." Akamfuta mdogo udenda kwa kidole gumba. "Ananiambia nimeshasema nitakuja mara tatu. Kajifunza kuhesabu juzi tu, akaanzia na mimi."

"Si uende, Mwalimu? Jumamosi moja?"

"Wiki tatu zimebaki. Nikiacha Jumamosi moja duara linafunguka. Na hawa niwaambie nini?"

"Waambie hakuna mazoezi."

Akatikisa kichwa, akaitazama ile karatasi ukutani. Kisha akanisimulia, kwa sauti ya chini, huku wasichana wakirushiana maji kule mbele.

Alipokuwa na miaka kumi na mitatu naye alicheza kwenye kundi. Mwalimu wao alitoza mazoezi ya ziada. Mama yake alikuwa anafulia watu nguo, akasema tungoje mwisho wa mwezi. Yeye hakungoja nyumbani. Alikwenda kusimama nje, dirishani, kila siku, akajifunza hatua zote kwa kuwatazama wenzake. Ila wao walikuwa wamemwelekea, kwa hiyo kila kitu alikijifunza kinyume. Kushoto kwao ilikuwa kulia kwake. Mwisho wa mwezi mama yake akaleta ile ada. Akaingia ndani, muziki ukaanza, wote wakaenda kulia, yeye peke yake akaenda kushoto, akamgonga mwenzake puani. Nafasi yake ikapewa mwingine siku ile ile.

"Mpaka leo nikichoka mwili unaanzia kushoto," akasema. "Nikaapa, mimi sitamweka mtoto dirishani kwa sababu ya ada. Hata mmoja." Akanirudishia mdogo, akapiga makofi. "Haya, kwenye alama! Moja, mbili!"

Nilishona tundu la kifungo upande usiotakiwa siku hiyo. Nilikuwa namtazama, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba dirisha analolikimbia amelibeba na kulipachika mahali pengine, na nyuma yake sasa amesimama mtoto wa miaka saba.

Jumatano Baba Tai aliita kikao baada ya mazoezi. Wazazi tukajaa, wengine wamekaa chini. Mwalimu akasimama mlangoni, ufunguo mkononi.

"Mimi nasema wazi," Baba Tai akaanza. "Haya mazoezi yalipiwe. Mtu anatumia jasho lake, umeme wake, kodi ya chumba. Sisi tunaona vizuri kweli?"

"Mchango wako utakuja kwa wakati, au nao utabanwa kazini?" mama wa mapacha akauliza. Watu wakacheka.

"Nasema kwa nia njema, dada."

Baba mwingine akakohoa. "Tatizo, kuna wenzetu hawataweza." Hakunitazama. Wote hawakunitazama, kwa pamoja, na ndivyo nilivyojua ni mimi. Mfuko wangu wa nguo za fundi ulikuwa miguuni pangu, mkono wa shati la mtu umening'inia nje. Nikaurudisha ndani kwa kidole cha mguu.

"Hilo halijadiliwi," Mwalimu akasema. "Karatasi iko ukutani. Kama hamna lingine, watoto wana njaa."

Mimi kwenye kikao huwa sisemi. Hata shuleni nilikuwa nikijua jibu nalinyamazia mpaka mwingine alikosee. Lakini nilijisikia nimesimama, mdogo mgongoni ananivuta kitambaa cha kichwa.

"Mwalimu, tutoze."

 Mama wa mapacha akanivuta gauni. "Wewe, umepatwa na nini?"

"Tutoze," nikasema tena. "Nami nitoze. Ukitutoza tutahesabu siku. Zitapungua. Mtu atasema hii naiweza, hii siiwezi, na atalala. Sasa hivi hatuwezi kusema chochote. Jumamosi yangu ilikwenda, nikashukuru. Wa kwangu anaogopa kiti kuliko homa, nashukuru. Nimeshukuru mpaka kazi inanitoka mkononi." Nikamgeukia. "Na wewe, Mwalimu, una mahali pa kwenda Jumamosi."

Uso wake ulibadilika. Si kwamba alikasirika. Alionekana kama mtu aliyepigwa puani na mwenzake wa duara.

"Haya yote," akasema taratibu, "nilikuwa nayafanya kwa ajili ya watu kama wewe."

"Najua, Mwalimu. Ndiyo maana nasema mimi."

 Akageuka, akaingiza ufunguo mlangoni, akafungua, akasimama pembeni. Tukashuka kwa mstari kama watoto wa shule. Hata mama wa mapacha hakuvilaumu vyuma.

Alhamisi na Ijumaa hakuniambia neno. Alihesabu tu. Mlango ulifungwa kama kawaida, nami nikakaa ndani na aibu yangu, joto limejaa, wala dirisha la kufungua hakuna. Nilijiambia nimemharibia Nukta. Mwalimu hakumgusa mtoto wangu hata kwa neno kali, na hiyo ilinichoma zaidi.

Jumamosi asubuhi nilifika na Nukta mkononi, mdogo mgongoni, mfuko begani. Nilikuwa nimepanga kumwacha Nukta nikimbie kwa fundi, liwalo na liwe. Muuza misumari akaniita kutoka nyuma ya meza yake.

"Wewe ndiye mama wa yule wa katikati? Yule anayeshona?"

"Ndiye mimi."

Akatoa kamba ya kiatu drooni, ufunguo unaning'inia. "Mwalimu kapita mapema, ana mkoba. Kasema nikupe."

"Kasema nini kingine?"

"Kasema hapana shida. Sikumuuliza shida gani, mimi nauza misumari."

Nikapanda. Nikafungua. Na pale mbele, karibu na kioo, mahali anaposimama yeye siku zote, palikuwa na kiti chekundu. Kimewekwa kikiwatazama wasichana. Juu yake kile kipande cha mpini wa ufagio anachogongea hesabu. Chini ya miguu ya kiti alikuwa amebandika selotepu, msalaba mpya, mweupe. Miaka yote ile yeye hakuwa na alama.

Wasichana wakaanza kuingia. Wazazi walikuwa wamewaacha chini na kwenda zao, kama kawaida. Pacha mmoja akauliza, "Mwalimu yuko wapi?"

Nukta alikuwa ameshasimama kwenye njano yake. "Huoni kiti?" akasema. "Kwani kiti kikiwepo maana yake nini?"

Ningeweza kushuka. Fundi alikuwa anagawa nguo saa ile ile. Lakini watoto kumi na wawili nimwachie nani, muuza misumari? Mara mlango ukasukumwa, mzee mmoja akachungulia, akauliza kama bawaba zinauzwa humu. Nikamwelekeza chini, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikauvaa shingoni. Niliusikia baridi yake kifuani, na nikajua nimeingia.

Nikachukua ule mpini, nikagonga sakafu. "Moja, mbili, tatu," na wasichana wakaanza kuzunguka, nyuso zimekaza, "sita, saba, nane, tisa, kumi ..."

Wakagongana wote. Pacha mmoja akaanguka juu ya pacha mwenzake.

"Mama! Ni nane!" Nukta akapiga kelele.

"Nane tu?"

"Nane, halafu moja!"

"Mnisamehe, wanangu. Mimi nahesabu vifungo. Vifungo ni dazeni."

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini ya kioo ameshika tumbo. Nami nikacheka. Tukaanza upya. Nilikosea mara mbili tena, nikafika tisa, wakanizomea kwa furaha. Saa ya kupumzika niliangalia lile dirisha la mwisho. Kwenye kioo palikuwa na doa la mviringo, mahali pa paji la uso.

Wazazi walikuja kuwachukua wakati wanaoutaka wao. Nilikuwa sijui maana ya hilo mpaka nilipokuwa mimi niliyeshika mlango. Wa mwisho alikuwa Baba Tai, jua limeshateremka nyuma ya maghorofa. Akapanda ngazi akifuta jasho.

"Samahani sana Mwal ... ah, Mama Nukta. Kazini pamebana."

Nilifungua mdomo nimwambie yaliyokuwa moyoni. Kilichotoka ni, "Hapana shida."

Nilipita kwa fundi na watoto wangu wawili. Nguo za wiki zilikuwa zimeshagawiwa. Gauni za harusi, sita, zenye vifungo vya kufunika kwa kitambaa, kazi niliyoingoja mwezi mzima, alimpa mwingine. Akanisukumia mashati mawili. "Mabaki," akasema, bila ubaya.

Jumatatu Mwalimu alirudi. Alinikuta juu ya ngazi, nilikuwa nimekuja mapema kumrudishia ufunguo. Macho yalikuwa yamevimba, lakini mwili ulikuwa mwepesi.

"Alisoma," akaniambia kabla ya salamu. "Alikuwa ananitafuta kwa macho huku anasoma. Akaniona, akasahau mstari. Akasimama. Watu wakadhani ameshindwa. Akasema, 'Naanza upya, mama yangu hajasikia mwanzo.' Akaanza upya." Akafunika mdomo kwa kiganja.

Tukaingia ndani. Akaniuliza Jumamosi ilikuwaje, nikamweleza, na ile dazeni, akacheka. Kisha akauliza, "Na kazi zako?"

"Hapana shida."

"Usiniambie hivyo mimi," akasema. "Neno hilo ni langu. Najua lina nini ndani."

Nikamwambia. Gauni sita, mwezi mzima. Alisikiliza, kisha akavuta kile kiti chekundu, akakaa. Sikuwa nimewahi kuona mtu akikikalia. Mguu mbovu ulilegea, akayumba kidogo.

"Jasho langu nililiona halina bei," akasema. "Lako naliona lina bei, na nilikuchukulia bila kukuuliza."

 Halafu akainuka, akabandua ile karatasi ya ukutani, akaigeuza nyuma, akaandika: mazoezi ya ziada ni Jumanne na Alhamisi, yanalipiwa kwa siku. Jumamosi hakuna. Kalamu ilikawia kwenye neno yanalipiwa, wino ukakoza hapo. Akaibandika.

"Wewe hutalipa," akaniambia bila kunigeukia. "Utashika ufunguo, utanisaidia mlango, na Nukta atakuja siku zote."

Nusura nikubali. Halafu nikajiona: ufunguo shingoni, Baba Tai anafuta jasho, nami sina pa kuanzia kusema leo siwezi, kwa kuwa silipi.

"Nitoze, Mwalimu."

"Siku zote mbili huwezi."

"Siwezi. Nitalipa Jumanne. Alhamisi hatakuja."

Akageuka. Tulitazamana kwenye kioo kilichopasuka, yeye upande mmoja wa ufa, mimi upande wa pili.

"Nitaweka kiti," akasema.

"Weka."

"Atalia."

"Atalia nami nikiwepo."

Na alilia. Alilia Jumatatu jioni nilipomwambia, akalia Jumatano alipokumbuka, na Alhamisi nilipoketi mlangoni kwetu na gauni la mteja mapajani, maana siku hiyo fundi alipata kazi ya haraka na akanikuta nyumbani, alikuwa ameshanyamaza, na huko kunyamaza kulinitia hofu zaidi. Nilimwona akipekua droo. Alipata kipande cha selotepu ya kufungia mizigo, akakikata kwa meno mara mbili, akabandika msalaba kwenye sakafu yetu ya saruji, kati ya ndoo na kitanda. Akasimama juu yake. Hakukuwa na nafasi ya kunyoosha mkono bila kugusa ukuta, kwa hiyo aliikunja mikono kifuani.

"Saa hizi wameanza," akasema.

Nikatunga uzi sindanoni. Mdogo alikuwa anatambaa, akamfikia, akashika mguu wake, akajaribu kumzunguka, akaangukia makalio.

"Mama. Saa hizi wanakishika mgongo."

"Najua, mwanangu."

Akasimama vile vile, wala hakuja kukaa nami. Mimi nikainamia gauni. Moja, mbili, tatu, nashikiza vifungo, uzi unapita, sita, saba, nane. Nikatua sindano. Vilibaki vinne kwenye kisahani. Nikaanza tena moja.